Ubao Mmoja Ubavuni

Mjomba wangu aliinunua mashua yake pwani ya Bagamoyo, asubuhi moja ya kusi, maji yakiwa yametoka na vyombo vyote vimelala ubavu juu ya mchanga. Huo ndio wakati wa kununua chombo kilichokwisha kutumika, aliniambia njiani, kwa sababu chombo kinachoelea ni kama mtu aliyevaa nguo za Idi, kila mmoja anapendeza. Aliizunguka mara tatu. Aligonga mbao kwa mpini wa nyundo, ubao baada ya ubao, akisikiliza; mlio ulipokuwa mkavu alisogea mbele, ulipokuwa mzito alirudi akagonga tena. Alichomeka ncha ya kisu kwenye kalafati aone kama pamba imeoza. Akainama, akafumba jicho moja, akautazama mkuku kutoka omo hadi shetri ajue kama umepinda. Mwenye mashua alikuwa amekaa kando kwenye kivuli cha mkungu, hasemi neno. Mjomba alipomaliza akaenda kuketi naye, wakaulizana habari za nyumbani na za ndugu, na baada ya hapo mwenye mashua akaanza kusema mwenyewe: hapa iliwahi kugonga mwamba, taruma hili si la asili, ikishiba mzigo huingiza maji kidogo huku karibu na shetri. Hakuwa ameulizwa hata moja kati ya hayo.

Karatasi zilikuja mwisho kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nne: cheti cha usajili, leseni ya uvuvi iliyokwisha muda wake, na hati ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mjomba alizipokea kama mtu anavyopokea chenji, akazitia mfukoni bila kuzisoma. Nilikuwa kijana, nimemaliza kidato cha sita juzi juzi, najiona msomi. Nikamwuliza kama hatalinganisha namba ya kwenye cheti na ile iliyochorwa ubavuni. Akacheka. "Mjomba," aliniambia, kwa jina lile lile ninalomwita mimi, "karatasi ni ya serikali. Mashua ndiyo yangu."

Nimeibeba kauli hiyo miaka mingi, na kila ninaposikia habari ya chombo kuzama huwa inanirudia. Wengi wetu huku pwani tunaamini hivyo hivyo, hata tusiposema. Cheti ni kitu anachodai askari. Ukaguzi ni mlango wa kutoza ada. Ukibadilisha injini au ukiongeza sitaha, hilo ni jambo la baina yako na fundi wako. Lakini hebu tujiulize: karatasi ya chombo imeandikwa ili isomwe na nani?

Zamani haikuhitajika, na si kwamba wazee walikuwa wazembe. Jahazi lilikuwa na mashahidi. Mji mzima ulijua ni fundi gani aliyeutia mkuku, mbao zilitoka msitu gani, kazi ilisimama mara ngapi kwa kukosa fedha. Siku ya kulishua, watu waliitwa kuvuta kamba, na aliyevuta kamba aliuona ubavu wake kwa macho yake. Likiteremshwa pwani kupakwa deheni, wapitao walisimama kutazama na kusema. Nahodha mzembe alijulikana mpaka sokoni. Mtu wa Lamu akitaka kununua chombo cha mtu wa Lamu mwenzake hakuwa na haja ya cheti, kwa kuwa alikuwa amezungukwa na vyeti vinavyotembea kwa miguu. Ushahidi huo ulikuwa na upungufu mmoja tu: haukuvuka maji. Chombo kikiuzwa mbali, kikabadilishwa jina na rangi, mashahidi wake walibaki ufuoni, nacho kikaenda kama mtu asiye na ukoo. Huko ndiko karatasi inakopata kazi. Inamfuata mgeni kule ambako hakuna anayemfahamu, imsemee.

Nao waliotufundisha dini pwani hii walikuwa na neno juu ya mwenye kuuza. Katika fikihi ya mauzo, mwuzaji anayeijua aibu ya kitu chake analazimika kuitaja, na mnunuzi akiigundua aibu iliyofichwa anayo hiari ya kukirudisha kitu. Kila aliyesoma chuoni anakijua kisa cha Mtume sokoni, alipoingiza mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevu, akamwuliza mwenye lundo kwa nini ile iliyolowa hakuiweka juu watu waione. Mzee yule chini ya mkungu huenda hakuwahi kufika mbele ya mkaguzi yeyote maishani mwake, lakini unyevu wa lundo lake aliuweka juu. Kwake na kwa mjomba mambo yalikamilika. Ila mnunuzi wa mashua si mtu wa mwisho katika biashara ya mashua. Nyuma yake yupo mvuvi atakayeajiriwa, na mwenye magunia atakayeomba kusafirishiwa, na mwanamke anayekwenda kumtazama mama yake mgonjwa ng'ambo. Hao hawagongi mbao kwa mpini wa nyundo. Wanapanda. Aibu ya chombo wao wanatajiwa na nani, na saa ngapi?

Tumekwisha kulipia swali hilo. MV Spice Islander ilijengwa Ugiriki mwaka 1967 na ikatumika kwa majina mengine kabla ya kufika kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na tume iliyochunguza ikasema ilikuwa imebeba watu zaidi ya 2,400, ilhali cheti chake kiliruhusu abiria 645. Hata mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikapinduka karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Hiyo ilijengwa Louisiana mwaka 1989 kwa ajili ya kuvusha watu katika maji ya Puget Sound, jimbo la Washington, ghuba iliyofunikwa na nchi kavu na visiwa, isiyofikiwa na mawimbi ya bahari kuu. Ilitumika huko miaka, ikauzwa, ikaletwa kwenye mkondo wa Zanzibar mwezi wa kusi. Haikuwa meli mbovu kwao. Ilikuwa imejengewa bahari nyingine, na habari hiyo ilikuwa imeandikwa katika historia yake tangu siku ya kwanza. Siwezi kuifikiria meli hiyo bila kuwafikiria wale waliokaa kwenye viti vyake siku ile, ambao hakuna mmoja aliyekuwa na njia ya kujua kwamba kiti alichokalia kilitengenezwa kwa mtu anayevuka maji ya ghuba.

Sheria ya bahari, kwa ugumu wake wote, ina ubinadamu ambao hatuuoni kwa sababu unakuja umefungwa kwenye fomu. Chukua jambo la madeni. Katika nchi nyingi, mabaharia wasipolipwa mshahara wao, deni hilo hukaa juu ya chombo chenyewe, na chombo kikiuzwa huenda nalo kwa mmiliki mpya, hata kama huyo hakujua lolote. Ndiyo maana mnunuzi mwangalifu hudai hati ya kuonyesha kuwa chombo hakidaiwi, na nyingine ya kuonyesha kuwa kimefutwa katika daftari la nchi kilikotoka. Anayezijaza hizo hati anaona usumbufu. Lakini aliyeiweka kanuni hiyo alimfikiria baharia mnyonge, asiye na nauli ya kumfuata tajiri wake mji hata mji, akatambua kwamba tajiri anaweza kujificha, meli haiwezi. Siku moja itahitaji bandari. Akaiambia mbao yenyewe idaiwe.

Turudi kwa mjomba. Mwaka wa pili aliibadilisha mashua. Akatoa mashine ya 15, akafunga mashine ya 40, ambayo uzito wake ni karibu mara mbili, na kwa kuwa shetri sasa lilikaa chini zaidi, akamwita fundi aongeze ubao mmoja juu ya mbavu, pande zote mbili, kimo cha shibiri moja. Upande wa kushoto ubao ulimpungukia fundi kwa dhiraa moja hivi, akaunga kipande mbele kidogo ya shetri. Kazi ilikuwa safi. Watu walikuja kuitazama na kusema sasa imekuwa chombo.

Mabadiliko ya namna hiyo hutakiwa kupelekwa ofisini: chombo kipimwe upya, kikaguliwe, cheti kiandikwe kama kilivyo. Mjomba alikwenda kweli, na haki lazima isemwe. Siku ya kwanza mhusika alikuwa kwenye semina. Siku ya pili mtandao haukuwepo. Siku ya tatu akaambiwa usajili ni dirisha hili, leseni ya uvuvi ni ofisi nyingine, na risiti ya mashine iletwe, nayo mashine ilikuwa imenunuliwa kwa mtu. Kila safari ilimpotezea siku ya bahari, na bamvua halimsubiri mtu aliye kwenye benchi. Hapo mimi, msomi wa familia, nikatoa msaada. Nilimfahamu kijana mmoja, kishoka wa kushinda nje ya ofisi na bahasha kwapani. Nikampigia. Baada ya siku mbili cheti kikaja, kimegongwa muhuri, mkaguzi akiwa hata hakusikia harufu ya mashua yenyewe. Vipimo vyote vilikuwa vimenakiliwa kutoka cheti cha zamani. Urefu ule ule, kina kile kile, mashine ya 15.

Sikuona kosa. Nilijiona nimemsaidia mzee asisumbuliwe. Leo nadhani tulifanya jambo baya kuliko kukaa bila cheti. Mwenye chombo kisicho na karatasi anamwambia mgeni ukweli mmoja, kwamba hakuna aliyekikagua. Mgeni akipanda, amepanda akijua. Sisi tulikuwa na karatasi iliyosema uongo kwa sauti ya mkaguzi.

Ubao ule nao ulifanya kitu ambacho mjomba hakukikusudia. Wavuvi wa kwetu hawapimi mzigo kwa mizani. Wanatazama maji yamebakiza shibiri ngapi kufika ukingoni, na jicho lina mazoea yake. Ukingo ulipopanda shibiri moja, jicho likapanda nalo. Mashua iliyokuwa ikiambiwa "basi" ikiwa na magunia ishirini ikaanza kuambiwa "bado". Hakuna aliyekaa akaamua kuzidisha mzigo. Kipimo ndicho kilichohama, kimya kimya, kwa misumari na gundi.

Waingereza walilipigania jambo hilo kwa kelele nyingi. Mnamo miaka ya 1870 wenye meli huko waliweza kununua chombo kichakavu, wakakipaka rangi, wakakipa jina jipya, wakakikatia bima kubwa kuliko thamani yake, kisha wakakijaza na kukituma. Baharia aliyekwisha kutia saini mkataba akikataa kupanda alifungwa jela, na waliofungwa walikuwa mamia. Mbunge Samuel Plimsoll alilipigia kelele Bungeni hadi akaonekana ameingiwa na wazimu, na mwaka 1876 ikapitishwa sheria ya kuchora mstari ubavuni kuonyesha meli isizame zaidi ya hapo. Ninachokipenda katika mstari ule ni mahali ulipowekwa. Haukufungiwa sandukuni kwa mwenye meli. Ulichorwa nje, juu ya maji, hata kuli asiyejua kusoma aweze kuusoma akiwa gatini. Lakini sheria ile ya kwanza ilimwachia mwenye meli mwenyewe achague pa kuuchora, na ilichukua mpaka mwaka 1890 kuziba pengo hilo. Miaka kumi na minne mtu aliruhusiwa kujipimia.

Kwa meli kubwa kuna namna ya kuiuliza meli yenyewe. Wataalamu huchukua vizito vinavyojulikana, maji yakiwa shwari, wakavihamisha kutoka upande mmoja wa sitaha hadi wa pili, huku ndani wametundika timazi, timazi hili hili la mwashi. Meli huinama kidogo, ncha ya timazi ikasogea sentimita chache, na kutokana na hizo sentimita wakapiga hesabu kitovu cha uzito kiko juu kiasi gani. Ukiongeza sitaha, vyumba au tangi la maji paani, kitovu hupanda, na jibu la zamani haliwi jibu tena. Ndiyo maana kila badiliko kubwa hudai timazi litundikwe upya.

Sewol ya Korea Kusini ilitundikiwa timazi. Ilikuwa imejengwa Japani mwaka 1994, ikanunuliwa ikiwa imetumika mwaka 2012, na wenye kuinunua wakaongeza vyumba ghorofa za juu upande wa nyuma. Ilipopimwa baada ya hapo, iliruhusiwa kwa sharti: mzigo upunguzwe sana, usizidi tani elfu moja hivi, na maji ya farumi tumboni yawe mengi zaidi. Basi karatasi ilikuwapo na ilikuwa inasema kweli. Ila mzigo ndio unaolipa. Walikuwa wakiongeza mzigo na kupunguza farumi, hivyo meli ikibaki kwenye mstari wake vizuri tu, na mtu wa gatini akitazama ubavu haoni kasoro. Tarehe 16 Aprili 2014 ilipinduka ikiwa na mzigo zaidi ya mara mbili ya ulioruhusiwa. Walikufa watu 304, wengi wao wanafunzi wa sekondari waliokuwa kwenye safari ya shule. Mstari ambao Plimsoll aliutaka usomwe na kila mtu uligeuzwa kuwa pazia, na waliouvuta ni watu waliokuwa wamesoma kila neno la masharti yao. Sijui kama kuna aina ya ukaguzi inayoweza kumfikia mtu wa namna hiyo. Mjomba angalau hakujua. Mimi nilijua nusu.

Kwa mashua yetu hakikutokea kitu. Sharti niliseme hilo, maana msomaji amekwisha kusubiri maafa. Miaka sita mjomba alivua nayo, akasomesha watoto wawili, na bahari ikamrudisha nyumbani kila mara. Pengine ndiyo sababu hatujifunzi. Ukaguzi ulioukwepa hauleti adhabu siku ile. Mara nyingi hauleti kabisa, na kila siku inayopita salama inakuwa shahidi wako kwamba wale wa ofisini hawajui lolote.

Alipochoka akaiuza kwa mtu wa Mafia, aliyefika na fedha taslimu. Nilikuwapo. Mjomba alikaa naye tangu baada ya adhuhuri hadi alasiri ikakaribia kutoka, akamtajia kila aibu: ule mwamba, lile taruma, ule uvujaji, na ubao ulioongezwa, na kwamba asidanganywe na ukingo, mzigo ahesabu kutoka ubao wa zamani. Alimshika mkono akampeleka akaupapase. Yule bwana aliitikia kwa adabu, akashukuru. Kisha mjomba akamkabidhi mfuko wa nailoni. Ndani yake kilikuwamo kile cheti changu.

Mjomba alikwisha kutangulia mbele ya haki. Mwaka juzi nilikuwa Nyamisati nikisubiri chombo cha Kilindoni, na boti ya siku hiyo ilikuwa imejaa kabla sijafika. Watu tulioachwa tukaelekezwa kwenye mashua moja ya kijani, yenye jina jipya, imefungwa chandarua cha turubai. Nilipokaribia nikaona, chini ya rangi, mbele kidogo ya shetri upande wa kushoto, kiungo cha ubao.

Nikamwuliza nahodha, kijana wa miaka ishirini na kitu, kama mbavu hizi ziliongezwa. "Hapana, mzee," alijibu. "Ndivyo ilivyo tangu nikabidhiwe." Nikamwuliza aliinunua kwa nani. Akasema ni ya tajiri wa Dar, naye aliinunua kwa mtu mwingine, hamjui. Hakuwa anaficha kitu.

Magunia ya mchele yalikwisha kupangwa, na watu walikuwa wakipanda, viatu mkononi. Nahodha akatazama ukingo, maji yalikuwa shibiri mbili chini yake, akaita waongezeke wengine wanne. Mimi nikahesabu kutoka kwenye kiungo kwenda chini. Shibiri moja. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akanigusa bega, akaniomba nimshikie kikapu apate kupanda. Nikamshikia.